Makapi ya Sauti

"Irudishe," Bibi Kalunde aliniambia. "Pale pale anaponitaja."

Nikairudisha. Sauti ya mwanamume ikatoka tena kwenye spika, nzito kidogo, ya mtu asiyekimbizana na maneno:

"Nyanzala, nyamaza sasa. Mtoto huyo akiwa wa kike, muite Kalunde, jina la mama yangu. Mwambie baba yake hajaenda mbali."

Ikaishia hapo.

Bibi Kalunde alikuwa amekaa kwenye stuli yangu ya kazi, viganja viwili vimefunika mdomo. Machozi yalipita katikati ya vidole na kudondokea kitenge, wala hakujishughulisha kuyafuta. Nyuma yake alisimama Misambo, mwanawe wa pekee, jitu la miraba minne, amemshika bega kwa ncha za vidole kana kwamba mama yake ni yai.

"Ana sauti ya polepole," bibi akasema mwishowe. "Kumbe na mimi nimeitoa huku. Shuleni walikuwa wakinicheka, eti nikianza sentensi mvua inanyesha na kuanuka."

"Mama, umemsikia," Misambo akasema. "Yametimia."

"Nimemsikia."

Sauti hiyo niliitoa kwenye kadi ya simu ya vitufe, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Simu za namna hiyo ziliisha zamani, na mashine za kuzisomea kadi zake zikaisha baada yake. Mama yake Bibi Kalunde, ndiye huyo Nyanzala anayetajwa, alikufa binti akiwa darasa la sita. Alimwachia kopo la poda lenye kadi hiyo ndani, akamwambia: "Usilitupe. Humo yumo baba yako, anakutaja jina." Baba mwenyewe, Kapela, alikuwa amekufa kabla bibi hajazaliwa. Kopo hilo lilizunguka kwa mafundi wa Mwanza na Dodoma, likarudi kama lilivyokwenda. Mpaka alipoambiwa kwamba hapa hapa Tabora yuko mwanamke anayefufua kadi.

Sifufui. Kadi za aina ile zilihifadhi sauti kwa kufungia umeme katika vyumba vidogo mno, maelfu kwa maelfu, na miaka inavyopita umeme huvuja, chumba kimoja leo, kingine mwakani. Kazi yangu ni kupita chumba kwa chumba nikiuliza: hapa palikuwa na kitu, au palikuwa patupu? Kadi ya Bibi Kalunde nilikaa nayo masika yote.

"Sasa kinywa kitakuwa tayari lini?" Misambo akauliza. "Jumamosi mtoto wangu anapewa jina. Nataka babu amtaje yeye mwenyewe, mbele ya watu."

"Alhamisi njoo," nikamwambia.

Bibi Kalunde akasimama, akanishika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa bado vimelowa.

"Mwanangu," akasema, "nilishajiandaa kufa bila kumsikia."

*

Siku hizi nyumba nyingi za mji huu zina kinywa. Ni kitu cha mti, ukubwa wa kikombe, hutundikwa juu ya mlango wa sebuleni. Ndani yake hukaa sauti ya marehemu wa nyumba ile. Kinahitaji pumzi chache tu za sauti ya kweli, mengine kinayaotesha chenyewe. Kitasalimia watoto wakitoka shule, kitauliza kama maharage yamechambuliwa, kitamtaja mtoto mchanga jina lake siku ya kutolewa nje. Mwenye nyumba atakufa, wajukuu watazeeka, chenyewe kitaendelea kusema.

Kwa sababu hiyo hakifungwi bila kiapo. Zamani, vilipoanza, watu walitengenezewa mababu wa uongo na mababu hao wakaamuru mashamba yagawiwe. Sasa sheria inataka fundi aweke kiganja kwenye mashine na kumtaja mwenye sauti. Akishamtaja, kinywa kinafungwa na jina hilo milele, na mabaki yote yaliyochujwa kutoka kwenye rekodi yanafutwa, asije mwingine akayachezea.

Mabaki hayo sisi mafundi tunayaita makapi. Mashine ya kuchuja tunaiita ungo, maana kazi yake ni kupepeta. Inabakiza sauti ya msemaji pale inapotoka safi, inapeperusha mengine: upepo, kuku, sufuria, watu wanaopita, hata maneno yake yaliyochanganyika na makelele.

Mafundi wengi hawasikilizi makapi. Mimi nasikiliza, kila kadi, kabla ya kiapo. Kinywa cha mume wangu Ndaro alikitengeneza fundi mwingine, fundi mzuri tu, na sauti ni ya Ndaro kweli. Ila Ndaro alikuwa na kawaida ya kusafisha koo kabla ya kusema chochote, hata "ndiyo". Ungo uliona ni uchafu, ukaupeperusha. Kila jioni kinywa kinaniuliza, "Umekula?" Nami hujikuta nikisubiri kile kikohozi kitangulie, wakati swali limeshapita.

Basi Jumatano, baada ya chai ya saa nne, nikavaa vipokea sauti na kufungua makapi ya kadi ya Bibi Kalunde.

Kwanza nikasikia watu. Wengi, uani. Halafu nikasikia kilio, siyo cha mtu mmoja, kilio cha msiba chenye kupanda na kushuka. Nikadhani labda Kapela alirekodiwa kwenye msiba wa ndugu. Kisha mwanamume akasema kwa ukali wa mzaha:

"Wewe Pazi! Vua koti la marehemu!"

Na ile sauti, ile ile nzito ya polepole, ikajibu:

"Marehemu nani? Kapela ni mimi. Mmewahi kuona Mnyamwezi anakufa hajashusha mzigo? Nileteeni ugali, nikae kwenye kiti changu."

Watu wakaangua kicheko katikati ya kilio. Mwingine akapaza sauti: "Mzaramo huyu ana wazimu! Kapela hajawahi kusema maneno mengi hivyo tangu azaliwe!" Na mwanamke mmoja, karibu sana na simu, akacheka kicheko kirefu cha kuishiwa pumzi, mpaka mwenzake akamkemea: "Nyanzala we! Unacheka na mumeo yuko ndani hajazikwa!"

Kisha yakafuata yale maneno tuliyoyasikia sote siku ile. Nyanzala, nyamaza sasa.

Nikavua vipokea sauti, nikaviweka mezani.

Yeyote aliyelelewa huku anajua. Mnyamwezi akifa, mtani wake Mzaramo huja msibani si kulia. Huja kumwigiza marehemu. Atavaa nguo zake, atatembea kwa mwendo wake, atadai chakula, atawagombeza wafiwa kwa sauti ile ile waliyoizoea, na hakuna wa kumkasirikia. Pazi huyu alikuwa mtani hodari. Alimwiga Kapela vizuri mno, na ungo wangu, uliojengwa kutafuta msemaji mmoja aliye wazi kuliko wote, ukamchagua yeye.

*

Alhamisi Misambo akaja amevaa shati jipya.

"Hodi fundi! Nimekuja kumchukua babu."

"Karibu. Kaa kwanza."

"Ah! Fundi akikwambia kaa kwanza, ujue kifaa kimekufa."

Sikujua namna nzuri ya kusema, basi nikamfungulia makapi. Pale penye ugali alicheka, akajipiga paja. Baada ya hapo nikaona kicheko kikimtoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanavyozama mchangani.

"Huyo siye babu," akasema.

"Siye."

"Ni mtani."

"Anaitwa Pazi. Na kadi nzima ni msiba ule ule. Nimetafuta kila mahali, Kapela mwenyewe hayumo."

Misambo akainuka, akaenda mlangoni, akarudi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi yaishie hapa." Akavuta stuli karibu yangu, akashusha sauti. "Dada yangu, sikiliza. Mama ana moyo mbovu, unajua. Tangu siku ile analala usingizi mzima. Jana nimemkuta jikoni anaimba. Mama! Sijamsikia akiimba tangu nazaliwa. Halafu niende nimwambie baba yako ni mchekeshaji wa msibani?"

"Sijasema ni rahisi."

"Kwani uongo uko wapi? Mtani kazi yake ni nini? Si kusema badala ya marehemu? Wazee walimruhusu. Mama kapewa jina lake kwa maneno hayo hayo, na ukoo mzima ukalikubali. Leo wewe na kimashine chako ndiyo mkatae?"

Hoja ilikuwa nzuri. Kiganja changu kilikuwa juu ya meza, na bamba la kiapo lilikuwa pale pale, linawaka mwanga wa kijani, linasubiri neno moja. Kapela. Ningelisema, bibi angekwenda na baba yake nyumbani, na hakuna mtu hai duniani anayeijua sauti ya Kapela, aweze kunisuta. Nilimwona bibi tena na viganja vyake mdomoni. Nikasogeza mkono. Sitaki kudanganya hapa, niliusogeza kweli.

"Pazi aliposema," nikamjibu, "kila mtu uani alijua ni Pazi. Koti walilijua. Waliocheka walijua wanachekea nini, na jioni alilivua akaenda zake. Kinywa hakitavua koti, Misambo. Mwanao atakua akiamini ndiye. Na wajukuu zake."

"Na wakiamini, watapungukiwa nini?"

"Nikiapa, makapi yanafutwa."

"Yafutwe! Makelele ya msibani?"

"Yule mwanamke anayecheka ni bibi yako."

Nikamrudishia kipande kile peke yake, kicheko tu, bila maneno. Misambo akakisikiliza ameinamisha kichwa. Alijipangusa uso kwa mkono wa shati jipya.

"Mama husema bibi alikuwa hacheki," akasema. "Husema ndivyo alivyoumbwa."

"Sasa niambie wewe. Nimpe sauti ya baba isiyo ya baba, nifute cha mama yake kilicho cha kweli?"

"Mimi siwezi kumwambia," Misambo akasema. "Nenda wewe. Nitakuwepo, lakini siwezi kusema."

*

Bibi Kalunde anakaa mtaa wa Isevya, nyumba ya ukuta wa chokaa. Tulimkuta sebuleni kwenye mkeka, anabangua karanga za Jumamosi. Juu ya mlango wa ndani walishapigilia msumari na kuzungushia ukutani kitambaa cheupe cha kudarizi. Nikaketi mkekani mahali ambapo nisingekitazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona mko mikono mitupu? Au amekataa kuja? Wanyamwezi wa zamani walikuwa wagumu."

Misambo akaangalia miguu yake. Mimi nikasema. Nilisema taratibu, tangu kilio mpaka koti, na sikuruka kitu. Bibi aliendelea kubangua. Ganda huku, karanga kule. Nilipomaliza, mikono yake ilikuwa bado inafanya kazi, ila karanga alikuwa akizitupa kwenye maganda.

"Kwa hiyo sijamsikia," akasema.

"Hujamsikia, bibi."

"Na sitamsikia."

"Kadi nyingine hakuna."

"Na wewe ulijua?" akamwuliza mwanawe.

"Tangu asubuhi, mama. Nilimwomba asikwambie."

"Angekubali, mngefanya vibaya." Alisema bila hasira. "Siku tatu nimekuwa na baba. Nilikuwa nikimsimulia mambo moyoni. Nimemwambia habari za mtoto, nimemwambia habari za mama. Nilikuwa nikimsimulia Mzaramo!"

Misambo akajongea, akakaa nyuma yake, bibi akamwegemea. Nilitamani niondoke niwaachie nyumba yao. Lakini kifaa kilikuwa mkobani, na nilikuwa nimekuja kwa ajili yake pia.

"Bibi, kuna kitu kingine humo. Ungo ulikitupa. Nimekirudisha."

"Makapi?"

"Makapi."

"Nitafanya nini na makapi, mwanangu?"

"Sikiliza tu. Ukitaka nizime, nitazima."

Nikaweka kifaa mkekani katikati yetu. Kilio kikajaa sebuleni. Bibi akafumba macho, maana hata kama hukuwepo, kilio cha kwenu unakijua. Kisha yule mwanamume, vua koti la marehemu. Kisha Pazi na mzigo wake, na ugali, na kiti. Na kicheko kikapasuka, kile kirefu cha kuishiwa pumzi, na aliyekemea akakemea: Nyanzala we.

Bibi akafumbua macho.

"Nani?"

"Ni mama yako."

"Mama yangu hacheki."

"Subiri, bibi."

Baada ya kukemewa, Nyanzala alikuwa amesema kitu. Mimi nilikisikia mara nyingi nisikitambue, maneno yamefunikwa na kicheko na upepo. Nikayainua kadiri ya uwezo wangu. Bibi Kalunde akainama mpaka sikio likagusa kifaa. Akaomba tena. Na tena. Nikaona midomo yake ikiyafuata maneno, kama mtu anayesoma barua ya mkono mbaya wa mtu anayempenda.

"Anasema niacheni," akatwambia. "Anasema, niacheni, niacheni nicheke, ndivyo hasa alivyokuwa akikaa. Anasema..." Akasikiliza tena. "Anasema, mtazameni, ni Kapela mwenyewe. Mguu ule ule ameunyosha."

Kwenye kifaa Pazi alikuwa anamgombeza mtu kwa kukalia kofia yake.

"Aliunyosha mguu," bibi akasema. "Baba alikuwa akikaa ameunyosha mguu. Hilo sikuambiwa na mtu."

Pazi akadai ugali kwa mara ya tatu, safari hii akisema kwamba kama hawampi atafufuka kweli na waone. Na Bibi Kalunde akacheka. Kilianza kama kikohozi, halafu kikarefuka, kikapanda, kikammaliza pumzi, akawa anapiga mkeka kwa kiganja na karanga zinaruka. Misambo alinigeukia macho yamemtoka. Kwenye kifaa Nyanzala alikuwa bado anacheka, na hapa binti yake anacheka, na fundi kama mimi, ambaye kazi yake ni kutenganisha sauti, nisingeweza kuapa ipi ya nani.

Alipopata pumzi akajifuta macho kwa upindo wa kitenge.

"Ungo wako una mashaka," akaniambia. "Uliyapeperusha haya?"

"Uliyapeperusha."

"Basi usiape. Usimtaje mtu yeyote. Niachie kama yalivyo, na vilio vyake."

"Hakitakuwa kinywa, bibi," nikamwambia, maana ilikuwa haki ajue. "Hakitakusalimia. Hakitajibu ukikisemesha. Kitarudia hayo hayo."

"Nimesikia." Akatazama kitambaa juu ya mlango, akakitazama kwa muda. Niliona inavyomuuma. "Nilitaka anijibu, kwa kweli. Nilitaka sana. Lakini huyo angenijibu nini? Angenitungia."

Misambo akakohoa. "Na Jumamosi, mama? Watu wameshaalikwa. Mtoto atatajwa na nani?"

"Mimi nilitajwa na nani?"

"Na Mzaramo."

"Aliye hai, mwenye jasho lake, amevaa koti la kuazima. Na jina limenikaa mpaka leo." Akaanza kuokota karanga zilizotawanyika, moja moja. "Mji wote huu utakosa Mzaramo mmoja? Hata wale wa sokoni wanaolala mchana na kucheza ngoma usiku. Tafuta mmoja, umlete."

"Aje amwigize babu? Hakuna anayemjua babu, mama."

"Nani kasema babu? Aniigize mimi."

"Mama! Watani huigiza wafu."

"Ndiyo kosa lao. Avae gauni langu la kanisani, aseme polepole mpaka mvua inyeshe na kuanuka, amtaje mtoto, nami nimekaa pale namtazama. Akiniharibu nimfukuze mwenyewe, ningali na miguu." Akanitazama. "Na wewe uje. Ulete kimashine chako. Ila siku hiyo usipepete kitu."

Misambo aliinamisha kichwa kwenye bega la mama yake, jitu zima lile, na sikujua kama anacheka au vipi. Kwenye mkeka kifaa kilikuwa kimefika mahali ambapo watu wanaanza wimbo wa kulitoa jeneza. Nikanyoosha mkono nizime. Bibi Kalunde akaushika akaurudisha, tukausikiliza wimbo mpaka watu wote wakatoka uani.